Rangi ya Kukaa na Mvule

Niliondoka asubuhi moja bila kumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na la kumwambia. Mjomba wangu, ambaye nilikuwa nikiishi kwake karibu na Bujora, alikuwa ameshatangulia shambani. Kijiji chetu kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara kama watoto wa shule kwenye gwaride, na watu walikuwa bado wanatembea mbali kulima mashamba waliyoyaacha walikotoka. Nilikuwa nimepalilia pamba tangu mvua za kwanza. Pamba sikuichukia. Nilichoka tu kujua kesho itakuwaje. Nikafunga shati langu la pili ndani ya shuka, nikatembea hadi njia panda ya Kisesa, na lori la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea Mwanza mjini. Kama lingekuwa linaelekea Magu, ningepanda vilevile.

Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nauliza sana mambo ambayo hayakuwa ubaoni, kama vile kwa nini chokaa huchemka ukiimwagia maji, na mwalimu alikuwa na watoto wengi na chaki kidogo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuingia katika kazi za watu nione zinavyofanywa, na nikishaona, miguu huanza kuwasha. Nimechoma matofali, nimebeba magunia bandarini, nimeosha masufuria ya hoteli. Kila kazi ilinifundisha kitu na kila kazi ilinichosha.

Miaka ile haikufaa kuonekana mjini huna shughuli. Mgambo walisimama stendi wakiuliza unakaa wapi, unafanya nini, na asiyekuwa na jibu alipandishwa gari akarudishwe kijijini. Nilikuwa natembea pale Nyamagana nikitafuta jibu langu ndipo nikamwona mtu mwembamba akihangaika na ngazi ndefu, ndoo mbili na furushi la brashi. Anabeba ngazi kidogo, anaiweka chini, anarudi kuzifuata ndoo. Nikashika ncha ya nyuma ya ngazi bila kuomba ruhusa.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Unakoenda wewe."

"Basi usiitingishe."

Huyo ndiye akawa fundi wangu. Alikuwa Mhaya, Mkatoliki, na kabla hatujatoka katikati ya mji alikuwa ameshanieleza kwamba aliwahi kupaka seminari nzima peke yake na hakuna padri aliyenung'unika. Mgambo mmoja alitutazama, akaona madoa ya rangi kwenye ngazi, akageukia watu wengine. Nikajifunza palepale kwamba mwenye ngazi haulizwi anakaa wapi.

Nyumba tuliyokuwa tunakwenda ilikuwa upande wa Ilemela, juu ya miamba, mahali ambapo njia inaisha na unaanza kupanda mawe kwa mikono. Pimbi walikuwa wamejianika juani juu ya majabali, wakatutazama tukipita na ngazi kama wanaosubiri tuanguke. Nusu ya nyumba ilikaa juu ya mwamba wenyewe, na nusu ya pili ilishikiliwa na nguzo za mawe. Ndiyo maana aliyeijenga hakumimina saruji. Alitandika sakafu ya mbao, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ya mtu wa kawaida.

Ilikuwa mvule mtupu. Mbao zilishikana hivi kwamba ukitembea miguu mitupu husikii kiungo, na rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa sana kwenye chupa. Ukuta mmoja wote, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, ulikuwa makabati ya mvule huohuo. Katikati ya chumba palikuwa na kidato, kwa sababu mwamba ulio chini ulikataa kulingana. Unatoka sehemu ya juu yenye viti, unashuka hatua moja, ndipo unafika kwenye makabati.

Kazi yote hiyo ilikuwa ya mzee mwenye nyumba. Alikuwa seremala, mtoto wa mjini, baba yake Mmanyema na mama yake Msukuma. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza milango na vitanda vya meli. Sasa amestaafu, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yakawa na weupe wa maji yaliyooshewa mchele. Daktari wa kupasua macho alikuwa anapita kwa nadra, na kila akipita waliokuwa wakimsubiri walikuwa wengi kuliko alioweza kuwahudumia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni mpya. Fundi hutembea peke yake." Alikuwa ananitazama begani, si usoni.

Mkewe alituita jikoni, kibanda cha nje, akatupa uji. Alikuwa mama mnene kiasi, mpole, mwenye kusema maneno machache kisha kunyamaza kama anayeyahesabu. Fundi alimuuliza kwa nini anataka chumba kipakwe wakati watu hata sabuni hawana.

"Alianguka pale kwenye kidato," akasema. "Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini mwanetu anayefanya kazi benki alikuja, akatutazama, akasema akianguka tena mnahamia kwangu. Ana vyumba viwili vya saruji huko mjini. Kijana wangu hana nia mbaya. Lakini huyu ukimtoa kwenye mbao zake..." Akamimina uji, sentensi akaiacha hapo. Baadaye akaongeza, "Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa taa. Nimewaza, ukuta ukiwa na rangi yake na mbao zikawa na yake, labda ataona anakokanyaga. Mwanetu anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Anataka kumwona akitembea."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa limebebwa na kazi yetu. Nilimaliza uji wangu nikajisikia mzito.

Rangi Mama alikuwa nayo tayari. Siku zile ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza ni baadaye. Mama aliingia akitumaini sabuni, akafika mbele akakuta rangi ya mafuta, kijani tupu, makopo mawili makubwa kwa kila mtu. Aliyachukua, akashukuru, akayabeba kichwani moja baada ya jingine hadi huku juu ya mawe.

Tulisimama chumbani wote wanne. Fundi alitaka kupaka kama ofisi za serikali, kahawia chini hadi kifuani na rangi ya maziwa juu. Alisema haionyeshi uchafu, na kwamba rangi ya kahawia angeweza kuipata kwa jamaa yake.

"Kahawia chini, na mbao kahawia?" Mama akasema. "Si utakuwa umemfungia mume wangu ndani ya sanduku?"

"Mama, seminari nzima nilipaka hivyo."

"Mapadri wana macho."

Mzee akacheka. "Ninyi Wahaya hata rangi mnaipaka kwa kusoma kwanza."

Mama akafungua kopo, akachovya kijiti, akakipaka kifuniko kwa ndani, akakisimamisha kando ya kabati. Nami niliona alichokiona. Kijani kile kiliupandisha mvule ukawa mwekundu, wekundu wa nyama iliyotundikwa buchani. "Sijui," akasema. "Mbao zinakasirika."

Mzee akanyoosha mkono apewe kifuniko. Akakileta karibu na uso, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakinusa. "Mvule ulikuwa mti," akasema. "Kijani ni majani yake. Mti na majani yake, mnataka nini tena? Pakeni."

"Mzee amesema," Fundi akasema, na kwa kweli hapakuwa na la kuongeza. Nyumba ni yake, mbao ni zake, kazi ya mikono yake tulikuwa tumeikanyaga. Nani angemuuliza kama ameona?

Tulianza na ukuta mrefu wa pembeni, unaotoka kwenye viti hadi kwenye makabati, ule unaoshuka pamoja na kidato. Tuliukwangua masizi, tukaupaka kutwa nzima. Harufu ya mafuta ilikuwa kali, kwa hiyo tulipoondoka jioni tuliacha madirisha yote ya upande wa ziwa yakiwa wazi, na Mama akatuahidi kwamba taa itawaka humo ndani mapema ili Mzee asipotee njia. Tulikuwa na nia njema. Lakini mtu wa Mwanza anajua, au alipaswa kujua, kwamba jioni zile za baada ya mvua wadudu wa ziwani huinuka majini kama moshi, wale wadogo wasiouma, na hufuata taa popote ilipo.

Asubuhi tulimkuta Mama kizingitini, kiganja mdomoni. Ukuta ulikuwa umeota manyoya. Wadudu kwa maelfu wamenasa kwenye rangi mbichi, mabawa nje, ukuta mzima umekuwa wa kijivujivu kama ngozi ya mnyama, na wengine walikuwa bado wanatikisika.

"Yesu na Maria," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

Hapo Mzee akatoka chumbani kwake, amevaa kofia yake safi na koti, kama mtu anayekuja kupokea kazi iliyokamilika. Akauendea ukuta, akasimama umbali ambao watu wawili husimama wakizungumza, akaweka mikono nyuma. Akautazama wote kutoka juu hadi chini.

"Kazi safi," akasema. "Imetulia. Imekuwa kama kioo."

Niliwasikia wadudu wakichakarisha mabawa. Nilimtazama Mama, nikamwona akielewa, na nilitamani niwe nimesimama mahali pengine.

"Ndiyo, Baba," Mama akasema. "Imetulia."

Akatoka kwenda jikoni. Mimi nikamfuata, maana sikujua pengine pa kwenda. Alikaa kwenye kigoda akaanza kumenya ndizi, akamenya moja akaitazama.

"Juzi alinisifia kanga," akasema. "Akasema imenipendeza hiyo kanga mpya. Kanga mpya nimeitoa wapi mimi? Nani kaziona madukani? Nikadhani ananitania." Akaendelea kumenya. "Na mimi nilikuwa najisemea, haoni vizuri, lakini anaona."

Alinipa andazi lililobaki la jana, limefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilirudi nikalila kwenye mlango wa chumba bila hamu. Mafuta yalikuwa yamelowesha karatasi ikawa inapitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu, na kwa mazoea yangu ya kuchezea kila kinachonifikia mkononi, nikaiinua mbele ya macho, nikatazama chumbani kupitia karatasi ile.

Chumba hakikuwepo. Mwanga wa dirisha niliuona, mweupe, umevimba. Lakini ukuta, makabati, sakafu, vyote vilikuwa jioni moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Kidato hakikuwepo kabisa. Nilipiga hatua nikajigonga kwenye kiti.

Nikampa Fundi. Akaweka karatasi usoni, akacheka, "Haya, nimezeeka," kisha kicheko kikamwishia. Mama naye akaja, mikono ina utomvu wa ndizi, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Alitazama muda mrefu kuliko sisi.

"Anaishi humu?" akasema.

Akaingia ndani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisubiri chai. Mama akamshika mkono, akamwinua, akamvusha kidato, akaubandika mkono wake ukutani, kiganja chote.

"Hiki ndicho kioo?"

Mzee akapapasa. Akapapasa tena, taratibu, kama anayekagua ubao kabla ya kuuranda. Uso wake ulikaza. Niliona anatafuta neno la kumtoa pale.

"Nani kaingiza mbuzi ndani?" akasema.

Mama akacheka. Alicheka hadi akaegemea kabati, na Mzee akacheka naye, mkono wake bado ukiwa juu ya ukuta, na mwishoni sikuweza kusema kama walikuwa bado wanacheka. Fundi akanivuta nje tukaangalie ngazi, ingawa ngazi haikuwa na tatizo lolote.

Tulipoitwa tena, Mzee alikuwa ameketi na kofia iko mapajani. "Sikieni," akasema. "Rangi sizioni. Naona palipo na mwanga na palipo na giza, na hapo katikati ni uji. Sikutaka mtu ajue, maana mkijua mtanibeba kama gunia. Sasa mmejua. Nani atanipatia ukuta?"

"Tutakupatia, Mzee," Fundi akasema, bila kutaja seminari.

Kwanza ilibidi kuutoa ule ugonjwa ukutani. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, hilo nalijua sasa kwa mabega yangu. Tulikwangua kwa vipande vya bati, tukasugua kwa mchanga wa ziwani na magunia makuukuu, na rangi ilikuwa bado mbichi kwa hiyo ilikuja pamoja na wadudu, ikajiviringisha kama ulimbo. Kucha zangu zilibaki za kijani muda mrefu. Siku hizo nilikuwa nalala kwenye ua wa Fundi, chini ya ngazi, na nilikuwa nalala kabla sijamaliza kujinyoosha.

Kopo la pili, ambalo halikufunguliwa, Fundi alilishusha pwani kwa mtu mmoja anayeunda mitumbwi mikubwa ya mbao. Yule alikuwa na mtumbwi mpya usio na rangi na magunia ya chokaa aliyokuwa hana haja nayo. Wakabadilishana, kila mmoja akidhani mwenzake kapunjika.

Kisha tukaanza kutafuta. Tulipaka kila rangi kwenye ubao, tukausimamisha kando ya kabati pale mvule unapoishia, na kazi ya Mzee ilikuwa moja tu: aweke kidole mahali mbao inapoanzia.

Chokaa nyeupe tupu ilikuwa ya kwanza, kwa sababu sote tuliamini nyeupe ndiyo yenye mwanga, na asiyeona anataka mwanga. Jua lilipopiga kutokea mlangoni Mzee akaweka mkono usoni.

"Ondoa hiyo. Inanichoma. Imemeza mbao yote."

Nilitazama kwa karatasi yangu na kweli, weupe ulikuwa umefura ukafunika kila kitu kilicho jirani yake. Tukaleta udongo wa manjano ambao Fundi aliusifia sana kwa sababu kwao wanapaka hivyo. Kwa macho yetu ulikuwa mzuri, ulikaa na mvule kama ndugu. Kwa Mzee ulikaa kama ndugu mno. Kidole chake kilitua katikati ya mlango wa kabati.

"Wahaya," akasema.

"Mzee, udongo hauna kabila."

"Huu unalo."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kidato nikitazama nje. Mawe ya Mwanza yakilowa huwa meusi, yakikauka yanarudi rangi moja isiyo nyeupe wala nyeusi, na asubuhi ina ubuluu kwa mbali, kutokana na ziwa nadhani. Na mijusi wenye vichwa vyekundu wakipanda juu yake, unawaona kutoka mbali sana. Niliwaza kwamba mvule una wekundu ndani yake kama mjusi, na kwamba kitu cha namna hiyo huonekana kikikaa juu ya jiwe. Sikusema hivyo. Niliuliza tu kama Mama ana majivu.

"Majivu ndiyo kitu pekee kisicho na foleni," akasema.

Tulichekecha majivu kwa kitambaa, tukayatia kwenye chokaa. Ikawa kijivu, lakini ya uchovu, kama nguo iliyofuliwa bila sabuni. Mama akaitazama. Akaingia ndani akarudi na fundo la kitambaa, na ndani yake kijiwe cha bluu ya kufulia, cha mwisho, alichokuwa akikitunzia shuka za wageni. Akakiloweka mwenyewe, akakitikisa ndani ya ndoo kidogo, akatoa, akatikisa tena. Fundi akatia chumvi ili rangi isishike kwenye nguo ya anayeegemea.

Ilipokauka kwenye ubao ilikuwa rangi ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mama akausimamisha ubao kando ya kabati, akarudi nyuma. Mvule ulisogea mbele. Sina namna nyingine ya kueleza. Wekundu ule wa nyama haukuwepo, mvule ulirudi asali, na mistari ya mbao ambayo sikuwa nimeiona siku zote hizo ikaonekana.

"Hapa," Mzee akasema. Kidole chake kilikuwa juu ya ukingo wenyewe. Akakiondoa, akakirudisha. "Hapa ndipo mbao inaanzia."

"Umebahatisha?" Mama akamuuliza.

"Sogeza ubao."

Mama akausogeza. Mzee akapatia tena. Lakini hakutuachia tuanze. Alisema yeye hatembei asubuhi tu, akatukalisha hadi saa kumi na moja, jua linapoingia mlangoni moja kwa moja, akajaribu tena, kisha Mama akawasha taa akajaribu kwa taa. Alitusumbua kama mnunuzi anayekagua mali yetu. Nami nilimpenda kwa hilo.

Tulipaka kuta zote tatu, madirisha tukiyafunga saa za wadudu. Fundi alitaka ukingo wa kidato nao upigwe mstari wa chokaa, na hapo Mzee akakataa kabisa. Rangi haigusi mvule, alisema, na kama ni hivyo bora ahamie benki. Walibishana hadi chai ikapoa. Ilikuja kuonekana hapakuwa na haja. Ukuta mrefu ulipokwisha kupakwa, mstari ambapo sakafu inakutana nao ulionekana wazi, wa giza chini na wa mwanga juu, na pale penye kidato mstari ule unavunjika na kushuka. Mzee alikuwa anatembea akiufuata kwa macho kama mtu anayefuata kamba, na unapovunjika, anashusha mguu.

Jumapili mwanawe alikuja na shati jeupe na pickup ya kuazima, tupu nyuma, akaiacha chini njia inapoishia. Sote tuliiona kuwa tupu. Alimwamkia baba yake, akamwamkia mama yake, akatutazama sisi na kucha zetu.

"Nyumba imekuwa kama mawingu," akasema.

"Karibu mawinguni," Mzee akamjibu. "Kaa."

"Baba, mimi sikuja kukaa. Nenda kaniletee kikombe kwenye kabati, nikuone."

Ilikuwa amri ngumu kwa mtoto kumpa mzazi, na aliitoa akiitazama sakafu. Mama alisimama karibu na dirisha. Mzee akainuka, akajinyoosha koti. Akatembea kandokando ya ukuta mrefu bila kuugusa. Kwenye kidato akasimama kidogo, kiasi cha mtu kukumbuka jambo, akashusha mguu. Akavuka. Akafika kwenye makabati, akaweka mkono juu ya mlango, si ukutani, juu ya mlango wenyewe, akaufungua. Akarudi na kikombe mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba mkebe wa sukari. Akaupindua mkebe mbele ya mwanawe.

"Na sukari imekwisha," akasema. "Hilo nalo naliona."

Yule kijana akacheka, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. Alikunywa chai kavu isiyo na sukari, akakaa hadi alasiri. Alipokuwa anaondoka alimwambia mama yake pale nje, nami nilikuwa naosha ndoo, "Lakini macho hayarudi, Mama."

"Najua."

"Itafika siku hata ukuta huu hatauona."

"Najua. Siku hiyo njoo na gari." Akamsindikiza hadi mawe yanapoanza.

Pickup ilishuka tupu kama ilivyokuja. Fundi alipata kazi nyingine, zahanati, kahawia chini na maziwa juu, akanitaka niende naye. Mama naye aliniambia kuna stoo nyuma ya jiko ambayo ingetosha godoro. Nilisema nitaona. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao kulala hakuuondoi, na nilikuwa nimeshaona jinsi kazi ile inavyofanywa.

Kesho yake alfajiri nilishuka pwani. Yule muunda mitumbwi alikuwa anaushusha mtumbwi wake majini, wa kijani mbavuni kote, kijani kilekile, na mbavuni kumenasa wadudu wachache ambao hakuna aliyejali. Unakwenda wapi, nikauliza. Ukerewe. Nikashika ukingo nikasaidia kusukuma, nikapanda.

Tulifika jua linapoinama. Nilitembea na furushi langu hadi kwenye nyumba ambapo mama mmoja Mkerewe alikuwa anaanua mihogo, nikamwamkia, nikauliza kama kuna mahali pa kulala. Aliuliza nafanya nini. Nikasema napaka rangi. Akatazama kucha zangu, akaridhika, akanifungulia chumba cha nyuma.

Kilikuwa cha udongo, kimekula moshi, na kitanda cha mbao nyeusi, na mlango wa mbao nyeusi. Niliweka furushi chini. Nikasimama katikati, nikabana macho hadi kila kitu kikawa ukungu, nikajaribu kuutafuta mlango. Haukuwepo. Kitanda nacho hakikuwepo.

"Unaumwa macho, mwanangu?" akaniuliza kutoka nje.

"Hapana, Mama," nikasema. "Jikoni kwako kuna majivu?"